Zawadi kwa Mshika Amana

Liko swali la zamani ambalo watu wa kila nchi wameulizana, nalo ni hili: zawadi huanza lini kuwa rushwa? Wengi hujibu upesi kwamba zawadi ni zawadi mpaka mtoaji atakapotaja neno analolitaka. Akiisha kulitaja, imegeuka kuwa rushwa. Jibu hili laonekana kuwa safi, na hukumu nyingi hukatwa kwa kipimo hicho. Lakini mwaka 2010 katika nchi ya Marekani iliwekwa kanuni isiyoridhika nacho. Kanuni hiyo yaikataza zawadi yenyewe, ijapokuwa hakuna neno lililotajwa, na ijapokuwa mtoaji hakuwaza ubaya wo wote. Twataka kupima kama kanuni ya namna hii ni ya haki, au kama yawaonea watu.

Yatupasa kwanza kulieleza jambo lenyewe. Katika Marekani majimbo na miji mikubwa ina mifuko ya pensheni kwa ajili ya watumishi wake: makarani, walimu, askari polisi, wazima moto, na wengine wengi. Sehemu ya mshahara wa mtumishi hukatwa, serikali nayo huongeza yake, na fedha hizo huwekwa hata siku atakapostaafu. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hivyo vimekuwa bahari. Mfuko wa watumishi wa jimbo la California, uitwao CalPERS, una watu zaidi ya milioni 2, na mali yake huhesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya dola. Mfuko wa jimbo la New York nao una watu zaidi ya milioni 1.

Fedha hizo hazifungiwi sandukuni, kwani zikilala zitapungua thamani, wala hazitatosha kuwalipa wazee. Huwekwa katika biashara za namna nyingi ili zizae. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupewa makampuni yenye ujuzi wa kusimamia fedha, nayo hulipwa ujira wa asilimia kadha wa kadha kila mwaka. Asilimia ni neno dogo. Lakini asilimia 1 ya dola milioni 250 ni dola milioni 2 na nusu, na mwaka ujao ni hizo tena. Basi si ajabu kazi hii ikitamaniwa na wengi.

Nani basi huchagua kampuni itakayopewa kazi? Mahali pengi ni watu waliochaguliwa kwa kura, au walioteuliwa na hao waliochaguliwa. Katika jimbo la New York, Mdhibiti wa Hesabu ndiye mdhamini wa pekee wa mfuko mzima. Hakuna bodi ya kumzuia akisema ndiyo. Naye hupata cheo chake kwa kura, na kupigania kura katika nchi ile kwahitaji fedha nyingi. Hapo ndipo mlango ulipo. Mwenye kutaka kazi ana fedha; mwenye kutoa kazi ana haja ya fedha; na fedha zinazogawanywa si za huyu wala si za yule. Wamarekani wenyewe wameipa desturi hiyo jina la «lipa ndipo ucheze». Nasi twajua mithali yetu isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi.

Mtu asidhani kwamba twasema habari za kuwazia tu. Mwaka 1999 Paul Silvester, aliyekuwa Mweka Hazina wa jimbo la Connecticut, alikiri mahakamani kwamba alikula rushwa katika kuziweka fedha za pensheni za jimbo lake. Miaka michache baadaye yakaja mambo ya New York. Alan Hevesi alikuwa Mdhibiti wa Hesabu tangu mwaka 2003 hata mwisho wa mwaka 2006. Mwaka 2010 alikiri ya kuwa aliidhinisha dola milioni 250 za mfuko zipewe kampuni moja, naye akapata manufaa ya karibu dola milioni 1: gharama za safari zake na za jamaa zake, michango ya kampeni yake, na malipo kwa mtu wake. Mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha mwaka 1 hata miaka 4. Mshauri wake wa kampeni, Hank Morris, alijifanya dalali katikati ya mfuko na makampuni yaliyozitaka fedha zake. Naye alikiri kosa, akafungwa, akatakiwa kuziachilia dola milioni 19 za udalali huo.

Huko California mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Fred Buenrostro alikuwa mtendaji mkuu wa CalPERS hata mwaka 2008. Mwaka 2014 alikiri kwamba alipokea rushwa kutoka kwa dalali Alfred Villalobos, ambaye zamani alikuwa mjumbe katika bodi ya mfuko uo huo. Katika rushwa hiyo zilikuwamo dola 200,000 taslimu, alizokabidhiwa katika hoteli ya mjini Sacramento, ng'ambo ya jengo la bunge la jimbo. Nyingine zilitiwa katika mfuko wa karatasi, na nyingine katika sanduku la viatu. Mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Dalali mwenyewe alikufa mwaka 2015, kesi yake haijasikilizwa.

Watu hawa walikamatwa kwa sababu waliacha nyayo. Fedha taslimu, barua na hesabu za uongo ni vitu vya kushikwa mkononi na kuwekwa mbele ya jaji. Lakini twaulize: je, mwerevu huacha nyayo? Huutoa mchango wake mchana, kwa hundi yenye jina lake, akaandikiwa stakabadhi. Haombi kitu. Mpokeaji naye haahidi kitu. Mwezi wa tatu baadaye kampuni ya huyo mtoaji yapewa kazi, na ukiwauliza, wote wawili watasema kwa sauti moja kwamba ilistahili. Labda ilistahili kweli. Labda mpokeaji mwenyewe aamini hivyo kwa moyo wake wote, asijue ya kuwa shukrani ilimwinamisha kama upepo uinamishavyo mti polepole. Sheria ya zamani, inayotaka kuonyeshwa mapatano ya rushwa, hapa haina la kushika.

Kwa sababu hiyo Tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia mambo ya hisa na dhamana ilipitisha kanuni mpya tarehe 30 Juni 2010. Maneno yake ni marefu, lakini mashina yake ni manne. Kwanza, kampuni ya kusimamia fedha, au mkubwa wake, akitoa mchango kwa mtu mwenye sauti katika kuchagua wasimamizi wa mfuko, kampuni hiyo haina ruhusa kupokea ujira wa mfuko huo kwa miaka 2. Yaweza kuendelea kufanya kazi, bali bila malipo. Pili, kampuni haina ruhusa kuwalipa madalali waiombee kazi serikalini, isipokuwa wale waliofungwa na kanuni za namna iyo hiyo. Tatu, haina ruhusa kuzunguka ikiwakusanyia wagombea hao michango ya watu wengine. Nne, isifanye kwa mkono wa mwingine jambo ililokatazwa kulifanya kwa mkono wake. Michango midogo imeachwa: mtu aweza kutoa dola 350 katika uchaguzi mmoja kwa mgombea anayeweza kumpigia kura, na dola 150 kwa asiyeweza kumpigia kura.

Angalieni sana ya kuwa kanuni hii haimwulizi mtoaji nia yake. Huuliza mambo matatu tu: ulitoa? ulimpa nani? ulitoa kiasi gani? Na hapo ndipo mashaka yanapozaliwa. Yako mashaka makubwa matatu, nayo hayatoki kwa walaji rushwa peke yao, bali hata kwa watu wa haki. Yafaa tuyasikilize.

Shaka la kwanza ni hili. Kumsaidia mtu umtakaye atawale ni haki ya kila raia. Mbona mtu aipoteze kwa sababu kazi yake ni kusimamia fedha? Jambo hili lilipelekwa mahakamani hata kabla ya kanuni tunayoieleza. Mwaka 1994 iliwekwa kanuni mfano wa hii kwa wauzaji wa hati za mikopo ya miji na majimbo. Mmoja wao akashtaki, na mwaka 1995 mahakama ya rufani ya Washington ikaithibitisha kanuni. Mwaka 2019 mahakama iyo hiyo ilithibitisha nyingine ya namna hii. Nasi twaona kwamba neno hilo ni jema. Mtu huyu hakunyang'anywa kura yake, wala ulimi wake, wala nguvu zake. Aweza kusimama barabarani na kumsifu mgombea wake mpaka jua lichwe. Aambiwa neno moja tu: chagua. Ukitaka kuwa mfadhili wa mtu huyo, usiwe mwajiriwa wake katika mali ya wengine. Ukitaka kuwa mwajiriwa, usiwe mfadhili. Hakuna aliyelazimishwa kuiomba kazi hiyo yenye faida kubwa.

Shaka la pili ni zito kuliko la kwanza. Kanuni isiyouliza nia, lazima siku moja itampiga asiye na nia mbaya. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2024 Tume ilitoza kampuni moja faini ya dola 60,000 kwa sababu mtu wake mmoja alitoa mchango wa dola 4,000 kwa mgombea katika jimbo la Minnesota. Mchango huo ulikuwa umerudishwa. Tena fedha za mfuko zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika kampuni hiyo kabla mchango haujatolewa. Mjumbe mmoja wa Tume yenyewe, Hester Peirce, alipinga hukumu hiyo hadharani.

Twajibu nini? Hatuthubutu kusema kwamba si kitu mtu akiumizwa bila hatia, maana hapo tungekuwa tumeiacha haki katika kuitafuta. Lakini kuna tofauti kati ya kumwita mtu mwovu na kumwambia kwamba amevuka mpaka. Seremala aliyekatazwa kuwasha moto karibu na randa zake, akawasha, hata kama hakuna kilichoungua amevunja katazo. Twamtoza faini, wala hatumwiti mchoma nyumba. Katazo la namna hii ni tahadhari kabla ya hatari, nalo lawekwa kwa sababu baada ya moto hakuna awezaye kujua cheche ya kwanza iliruka wapi. Kanuni hii haimpeleki mtu gerezani. Yamzuilia ujira na kumtoza faini. Basi twasema hivi: kanuni isiyopima moyo ni ya haki, mradi adhabu yake nayo isijifanye imepima moyo. Asiyekusudia ubaya, akarudisha mapema, na mfuko haukupata hasara, apewe adhabu ndogo ya kumkumbusha. Kwa ajili hiyo twaona kwamba aliyepinga katika habari ya Minnesota alikuwa na neno la kusikilizwa, ingawa hatutaki kanuni yenyewe iondolewe.

Shaka la tatu latolewa kwa werevu zaidi. Wasema, Nani aliyeibiwa? Mzee wa New York hupata pensheni ile ile aliyoahidiwa, mfuko ukipata faida au ukipata hasara. Hata Katiba ya jimbo lake yakataza kuipunguza. Kama mwenye fedha hakupungukiwa, kelele hizi ni za nini?

Ndugu zetu, hapa ndipo tuone jinsi kosa hili lilivyo la siri. Kweli, mzee hapungukiwi. Lakini mfuko ukipungukiwa, pengo lazibwa na mtu mwingine: mlipa kodi, au shule inayokosa mwalimu kwa sababu fedha zimekwenda kuujazia mfuko, au kijana anayeajiriwa leo kwa masharti magumu kuliko yale ya waliomtangulia. Hasara imegawanywa kwa watu wengi hata kila mmoja hukatwa kipande asichokisikia. Faida nayo imekusanywa mikononi mwa wachache, nao huisikia sana. Mwizi wa kuku husikiwa, kwa maana kuku hupiga kelele na mwenyewe hutoka na fimbo. Lakini achotaye kijiko kimoja katika mtungi wa kila nyumba ya mji hatapigiwa kelele na mtu, ijapokuwa jioni ana pipa zima. Wala pengo hilo si la kubuni. Mwaka 2018 wataalamu watatu, Aleksandar Andonov, Yael Hochberg na Joshua Rauh, walitoa uchunguzi wao, wakaonyesha ya kuwa mifuko ambayo bodi zake zina maofisa wengi wa serikali ilipata faida ndogo kuliko mingine katika biashara za namna moja. Na michango ya uchaguzi itokayo kwa watu wa fedha ilieleza sehemu ya upungufu huo, ijapokuwa si wote.

Basi sababu yetu kubwa ya kuikubali kanuni hii ndiyo hii: katika zawadi ya kawaida wako watu wawili, mtoaji na mpokeaji, na wote wapo. Katika zawadi apewayo mshika amana wako watatu, na wa tatu hayupo. Mwenye mali hakualikwa katika chakula kile, hakuona hundi ile, wala hajui kwamba jina lake lilikuwa mezani. Hawezi kuingia katika moyo wa mpokeaji ili aone kama umeinama. Kwa hiyo haki yake si kwamba mdhamini awe mwaminifu tu, bali pia kwamba apate njia ya kuujua uaminifu huo. Na njia aliyo nayo ni moja, kuona ya kuwa mikono hii miwili haikugusana. Mdhamini anayesema, Niaminini, zawadi haikunigeuza, labda asema kweli. Lakini amemwomba mwenye mali mkopo wa imani asioweza kuudai.

Wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka ya kuwa swali hili si geni kwao. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu takrima katika uchaguzi, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni desturi njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliitangua, kuwa ni kinyume cha Katiba. Ukarimu ulikuwa mwema ulipotoka katika chungu cha mwenye nyumba kwenda kwa mgeni wake. Haukuwa mwema tena ulipokuwa bei ya kura. Neno ni lile lile, na jambo ni jingine.

Hata hivyo tusiiwekee kanuni tumaini lisilo lake. Kanuni ya mwaka 2010 yamfunga mtoaji tu, maana Tume ina amri juu ya makampuni ya fedha, haina amri juu ya maofisa wa majimbo. Majimbo yenyewe yalifanya yake: mwaka 2009 mdhibiti mpya wa New York, Thomas DiNapoli, aliwakataza madalali wasiingie katika mambo ya mfuko, na mwaka 2010 California ilipitisha sheria ya kuwaandikisha madalali na kuwanyima ujira unaotegemea kupatikana kwa kazi. Lakini katika mfuko uo huo wa New York, tangu mwaka 2014 hata mwanzo wa mwaka 2016, msimamizi mmoja wa hati zenye riba, Navnoor Kang, alipokea kwa madalali wa soko la hati saa ya thamani, safari, na anasa nyingine, jumla yake zaidi ya dola 100,000. Mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Yeye hakuwa mtu wa kuchaguliwa kwa kura, wala hakuhitaji kampeni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, naye akafungua dirisha.

Je, hilo laonyesha kwamba kanuni ni kazi bure? Sivyo. Boma halimzuii kila fisi, wala hakuna mfugaji anayelibomoa kwa sababu fisi mmoja aliruka. Ila laonyesha kwamba kanuni yaweza kuutenga mkono wa mtoaji na mkono wa mpokeaji, lakini haiwezi kumfanya mtu aione mali ya wengine kuwa ya wengine. Kazi hiyo ya pili ni ya kila mtu aliyekabidhiwa kitu, kidogo au kikubwa: mweka hazina wa chama cha kuzikana, msimamizi wa ghala la kahawa, mdhamini wa mali ya yatima. Hao nao hupelekewa zawadi na watu wenye haja, na mara nyingi zawadi huja na tabasamu, bila neno.

Mshika amana aliye na hekima hangoji kanuni ya serikali impe kipimo. Ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, mtu huyu angaliniletea kitu hiki kama nisingalikuwa na ufunguo? La pili: je, ningeweza kukipokea mbele ya wote ambao mali yao i mikononi mwangu, nao wakae kimya bila kunong'onezana? Kama jibu la swali moja ni hapana, airudishe zawadi kwa maneno ya upole, tena mapema, kabla shukrani haijaanza kuota mizizi. Hatamkosea mtoaji kwa kufanya hivyo. Na yule wa tatu, asiyekuwapo, hatajua kamwe ya kuwa siku ile alitetewa. Lakini siku ya kustaafu kwake atalikuta lake limetimia.